Mpangilio wa Matukio na Suala la Hukumu katika *Thérèse Desqueyroux*

Uhakiki wa filamu zitokanazo na riwaya aghalabu huishia katika kuorodhesha yaliyoachwa na yaliyoongezwa. Orodha ya namna hiyo haitufikishi mbali. Lililo muhimu ni kuchunguza jinsi badiliko la fani linavyoathiri maudhui. Riwaya ya François Mauriac, *Thérèse Desqueyroux* (1927), iliyogeuzwa kuwa filamu na Georges Franju mwaka 1962 na Claude Miller mwaka 2012, ni mfano unaofaa.

Riwaya inaanzia karibu na mwisho wa kisa. Thérèse anatoka mahakamani baada ya kufutwa kwa kesi ya kumlisha mumewe, Bernard, sumu. Akiwa safarini kurudi Argelouse, katika misitu ya misonobari ya Landes, anajaribu kuyapanga maisha yake ya nyuma ili apate maneno ya kujieleza. Mbinu rejeshi hapa si pambo. Msomaji analijua kosa kabla ya kujua sababu, na kila kumbukumbu ni jaribio la kuitafuta sababu ambayo mhusika mwenyewe haioni barabara. Afikapo, Bernard hana haja ya kusikiliza. Maungamo yaliyotayarishwa hayatamkwi.

Miller ameuvunja mpangilio huo. Filamu yake inaanza na usichana wa Thérèse na Anne, kisha inafuata ndoa, sumu, kesi na kufungiwa nyumbani. Faida ipo: nguvu ya mali inadhihirika mapema, kwani ndoa ni muungano wa misitu kabla ya kuwa muungano wa watu. Lakini matukio yafuatanapo hivyo, kila moja huonekana kulizaa jingine. Siku ya moto, Bernard anapokunywa maradufu dawa yake yenye arseniki naye Thérèse akanyamaza, ukimya huo katika riwaya ni kitendawili. Katika filamu unaelekea kuwa tokeo la ndoa isiyo na furaha. Uso wa Audrey Tautou, usiotoa siri kwa urahisi, unairudisha sehemu ya fumbo hilo, ila si yote.

Franju, aliyeshirikiana na Mauriac mwenyewe, ameihifadhi mbinu rejeshi na sauti ya ndani ya mhusika. Hata hivyo, kwa kukihamishia kisa katika miaka ya 1960, ameidhoofisha mamlaka ya ukoo ambayo ndiyo gereza la Thérèse.

Tofauti hizi zinakutana mkahawani Paris, Bernard anapouliza hatimaye sababu ya tendo lile. Kwa msomaji, hilo ndilo swali alilolibeba tangu ukurasa wa kwanza. Mtazamaji wa Miller amekwisha kupewa jibu, hivyo swali la Bernard linamfikia likiwa limechelewa. Aliyepoteza zaidi ni Thérèse: riwaya ilimwacha huru dhidi ya hukumu ya msomaji, filamu, kwa kumhurumia, imemhukumu.