Kadi ya Benki Mkononi mwa Msafiri

Siku hizi mtu akinuia kwenda Makka, au Muscat kuwatazama jamaa zake, au India kwa matibabu, haulizwi tena amebeba fedha kiasi gani. Huulizwa ana kadi gani. Na swali hilo si baya. Fedha taslimu huibiwa, hudondoka, huchanganyika na za wenziwe chumbani. Mzee aliyejifunga dola kiunoni juu ya ihramu yake huizunguka Al-Kaaba huku mkono mmoja umeshika mkanda. Kadi inamwondolea mashaka hayo, nayo ni neema. Ninachotaka kukikosoa hapa ni namna kadi hizo zinavyosifiwa, na majibu mawili yaliyoenea katika baraza zetu, ambayo naona yote mawili yanampoteza mwenye safari.

Tuanze na sifa. Kiswahili kimeipa kadi hii jina la haki kabisa: kadi ya mkopo. Lakini tazama tangazo lolote la kadi hizo, utaona neno mkopo limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa, na juu yake yamepangwa maneno makubwa: uhuru, heshima, uwezo. Kadi zenyewe hupewa daraja za madini, hii ya fedha, hii ya dhahabu, hii ya platinamu, kana kwamba anayekopa zaidi ndiye mwenye cheo zaidi. Ukiuliza kuna nini ndani yake utaambiwa, "Una milioni tano." Huna. Kilichopo ni ruhusa ya kudaiwa milioni tano, na baina ya mambo hayo mawili pana umbali kama wa Chanika na Jeddah.

Neno uwezo ndilo linalonichoma zaidi, kwani katika dini yetu lina maana yake maalumu. Hija imefaradhishwa kwa mwenye uwezo wa kuiendea, kama ilivyo katika Surat Aal Imran, aya ya 97. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wakaufafanua uwezo huo: masurufu ya kwenda na kurudi, chombo cha kupanda, na matumizi ya wale anaowaacha nyuma, baada ya kuondoa madeni yake. Basi kiasi ambacho benki iko tayari kukukopesha hakiingii katika hesabu hii hata kidogo. Asiyekuwa nacho hakukalifishwa. Na umra ya pili na ya tatu, ambazo ni sunna tu, zina haki gani ya kumtia mtu deni la riba? Hapa Chanika mashamba yamegeuka viwanja, na wako akina mama waliouza kipande cha ardhi walichoachiwa na waume zao ili waione Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Mama wa namna hiyo amekwenda kwa kilicho chake. Halafu mtoto wake, kwa mapenzi, anampa kadi ya mkopo "ya dharura", na mama hajui kwamba kila anapoichomeka katika mashine anakopa.

Maana kadi hizi zinafanana kwa sura lakini si kitu kimoja. Iko inayochota katika akaunti yako mwenyewe: ukinunua tasbihi ya riyali kumi, riyali kumi zinatoka katika ulichoweka. Iko ya kujaza, ambayo unaitia fedha kabla ya safari kama unavyotia vocha katika simu, na zikiisha zimekwisha. Na iko ya mkopo, ambayo benki inakulipia kwa fedha yake, kisha inakuletea hesabu. Ukilipa yote ndani ya muda, umesalimika. Ukibakisha, riba inaanza.

Jibu la kwanza la barazani husema kadi zote ni haramu kwa kuwa ni za benki. Hili ni jibu la mtu asiyetaka kuuliza. Njia za kumwepusha msafiri na hatari ya kubeba mali hazikuzuliwa na benki. Vitabu vya fiqhi vina mlango wa suftaja, yaani mtu kutoa fedha mji huu na kuandikiwa hati apokee mji mwingine. Imepokewa kwamba Abdullahi bin Zubeir alikuwa akipokea fedha za watu Makka, akawaandikia waende wakachukue kwa ndugu yake Mus'ab huko Iraki, na Ibn Abbas alipoulizwa hakuona ubaya. Mashafii walikataa ikiwa imeshurutishwa katika mkopo, kwa kuwa mkopeshaji anavuta manufaa ya usalama wa njia. Wengine kama Ibn Qudama wakaruhusu. Walikhitilafiana baada ya kuchungua sharti moja moja, wala hawakuikataa hati kwa kuwa ni karatasi. Na tusiende mbali: mwaka 1953 Shirika la Fedha la Saudia, lililoundwa mwaka mmoja kabla, lilitoa hati za mahujaji ili wageni wasihangaike na mizigo ya riyali za fedha nzito. Watu waliziamini mpaka wenyeji nao wakazitumia, na noti rasmi za nchi hiyo zikafuata mwaka 1961. Hati ile nyuma yake palikuwa na mali iliyowekwa. Kadi inayochota katika akaunti yako iko karibu na hati ile kuliko ilivyo karibu na kadi ya mkopo, na anayezitia zote katika kapu moja anamnyima Muislamu kitu cha halali.

Jibu la pili lina wafuasi zaidi, khasa vijana wasomi: kadi ya mkopo haina neno maadamu utalipa kabla ya riba kuanza. Hili ni gumu zaidi, kwani msemaji wake ana nia njema. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 huko Riyadh, Septemba 2000, ililitazama jambo hili hili na kutoa azimio namba 108: kadi isiyo na fedha nyuma yake, iliyoshurutishiwa riba, haijuzu kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenyewe amenuia kulipa ndani ya muda. Sababu iko wazi. Mtu ametia saini mkataba unaosema, "Nikichelewa nitatoa riba." Nia iliyo moyoni haikulifuta sharti lililo katika karatasi. Majmaa haikufunga mlango wote. Kadi isiyo na sharti la riba iliiruhusu, na ada maalumu ya kuitoa, kwa kadiri ya kazi iliyofanywa, ikairuhusu pia.

Najua wako wanavyuoni wa zama hizi wanaolegeza kwa mwenye kujiamini, khasa katika nchi ambako hana njia nyingine. Lakini sisi njia nyingine tunayo. Amana Bank, isiyoendeshwa kwa riba, ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011, na baadhi ya benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo. Hata hivyo neno "ya Kiislamu" juu ya kadi si kinga ya kutouliza. Huko Malaysia mwaka 2002 ilitolewa kadi ya mkopo ya Kiislamu iliyojengwa juu ya biashara ya ina, mtu kuuziwa kitu na kukirudisha kwa aliyemuuzia ili apate fedha tu, na madhehebu zilizo nyingi haziikubali.

Na kujiamini kwenyewe! Tuseme mtu amerudi safari na deni la shilingi 2,000,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na benki inamtaka alipe angalau 100,000. Analipa akidhani ametimiza wajibu. Katika hiyo laki moja, 60,000 ni riba. Deni limepungua 40,000 tu. Mwezi wa pili anaanza na 1,960,000. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakuwa wameiona hesabu hii. Tena aliyetoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo katika mashine, mara nyingi hahesabiwi ule muda wa nafasi. Riba huanza siku ile ile, na ada juu yake.

Liko jambo la dhahabu ambalo akina mama wataniwia radhi nikilitaja. Wengi hawarudi Makka bila kipuli au bangili ya binti. Dhahabu kwa fedha sharti lake ni kupeana mkono kwa mkono. Azimio lile la Riyadh lilikataza kununua dhahabu, fedha na sarafu kwa kadi isiyo na fedha nyuma yake. Miaka minne baadaye, mwaka 2004, Majmaa hiyo hiyo ilikutana Muscat na ikajuzisha kwa kadi inayochota katika fedha iliyopo. Kwa hiyo bangili ile ile, duka lile lile, kwa kadi moja inafaa na kwa nyingine haifai. Mama ambaye hajui kadi aliyopewa ni ya namna gani atalijuaje hili akiwa mbele ya sonara?

Hata mwenye kadi ya halali hapotezi kitu akijua desturi za mashine. Ikikuuliza dukani ulipe kwa riyali au kwa shilingi, jibu riyali. Ukichagua shilingi, wabadilishaji ni benki ya mwenye duka, kwa kiwango chao na nyongeza yao. Shilingi inakuvutia kwa kuwa unaifahamu tu. Riyali imefungwa kwa dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo anayejua bei ya dola siku hiyo anaweza kugawanya mwenyewe na kuona kama anapunjwa. Benki yako nayo hukata kitu kwa kila malipo ya nje. Uliza kiasi kabla ya kuondoka, uandikiwe. Hoteli huzuia fedha ya dhamana katika kadi kwa siku kadhaa, basi usiweke riziki yako yote katika kadi moja. Namba ya siri usimpe hata kiongozi wa msafara, awe sharifu au awe sheikh.

Na katika wasia ambao msafiri huuandika kabla ya kuagwa, ambamo sisi tumezoea kutaja deni la dukani na la fundi cherehani, aandike pia kadi: ya benki gani, inachota wapi, na anadaiwa kiasi gani siku ya kuondoka. Mke na watoto mara nyingi hawalijui deni hilo, na benki haiji kulia matangani; huja baadaye na barua.