Janet Kagan na kazi ya ofisa mawasiliano

Kwenye mnada wa Babati unaweza kuulizia bei ya mbuzi kwa Kiswahili, mwenzako akapunguziwa kwa sababu kasalimia kwa Kiiraki, na pembeni yenu Wadatoga wawili wakawa wanajadiliana jambo ambalo nyote wawili hamlielewi. Kwa mkazi wa Babati hiyo ni siku ya kawaida. Mji huu ni njia panda ya kwenda Arusha, Singida na Dodoma, na lugha nazo zimekutana hapa: Kiiraki na Kigorowa za Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, Kirangi na Kimbugwe za Kibantu. Ukishuka kusini hadi Chemba unawakuta Wasandawe na lugha yao yenye vidoko. Hizo ni jamii nne za lugha zisizo na undugu wa karibu, na umbali wenyewe ni wa safari ya basi ya siku moja.

Masikio yaliyozoea hali hiyo yanaisoma kwa namna yake riwaya ya Janet Kagan, Uhura's Song, iliyochapishwa na Pocket Books mwaka 1985. Ni moja ya riwaya nyingi zilizotungwa juu ya Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoanza kurushwa Septemba 1966. Chombo cha anga ni Enterprise. Ndani yake yumo nahodha Kirk, Spock ambaye mzazi wake mmoja si binadamu, daktari McCoy, Sulu mwenye asili ya Asia, Chekov Mrusi aliyeongezwa mwaka 1967, na Uhura, ofisa mawasiliano, mwanamke Mwafrika mwenye jina lililotolewa kwenye neno letu “uhuru” na ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili.

Televisheni ilikifanyia nini Kiswahili hicho? Kidogo sana. Kwenye kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, kiumbe mla chumvi anachukua umbo la mwanamume aliyemo mawazoni mwa Uhura na kumsemesha kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, mashine moja inamfuta kumbukumbu, na alipokuwa akifundishwa upya kusoma Kiingereza, Kiswahili kikamtoka. Vinapendeza, lakini ukiviondoa vipande hivyo hadithi inasonga mbele bila kuchechemea. Mtaalamu wa lugha wa chombo kizima alikuwa anapokea simu tu.

Hapo ndipo penye kazi ya Kagan, na aliifanya akiwa amefungwa mikono. Anayetunga riwaya ya aina hii ni mpangaji: anaweza kusogeza makochi na kutundika mapazia, lakini ukuta ni wa mwenye nyumba. Hawezi kumuua Kirk. Hawezi kumwoza Spock. Ukurasa wa mwisho ukifika, kila mtu awe amerudi kwenye kiti chake, salama, tayari kwa mwandishi mwingine. Riwaya nyingi za mkondo huu hufia papo hapo, kwa kuwa msomaji anajua tangu mwanzo kwamba hakuna atakayepoteza kitu.

Kagan akabuni kitu ambacho kinaweza kupotea: ahadi. Miaka kadhaa kabla ya hadithi kuanza, Uhura alifanya urafiki na Sunfall, mwanadiplomasia wa sayari ya Eeiauo, ambako wakazi wake wana umbile la paka. Wakabadilishana nyimbo. Baadhi ya nyimbo za Sunfall ni za kale na ni mwiko kwa watu wake, na Uhura akaahidi kutozitoa kwa mtu. Sasa Eeiauo imekumbwa na tauni, nayo imeanza kuua hadi binadamu. McCoy yuko huko akitibu. Tiba haijulikani, na mahali pekee palipobaki alama ya asili ya watu hao, na pengine ya ugonjwa wenyewe, ni ndani ya nyimbo zilizofichwa.

Ona alivyolipanga jambo hilo. Msomaji anajua McCoy hatakufa, kwa hiyo mvutano haukuegemezwa hapo. Umeegemezwa kwa Uhura: aimbe mbele ya nahodha wake na kumsaliti rafiki, au anyamaze na watu waendelee kuzikwa? Uamuzi wa namna hiyo mwenye nyumba hawezi kuukataza, maana hauharibu ukuta wowote. Isitoshe, ni uamuzi ambao mwingine yeyote chomboni asingeweza kuufanya. Ubingwa wa Spock wa hesabu haumpi nyimbo ambazo hakuimbiwa. Mashine ya tafsiri ipo pia, lakini haina kumbukumbu ya usiku ambao watu wawili walikaa wakaaminiana.

Uhura anaimba, na nyimbo zinawapeleka Kirk na wenzake Sivao, sayari ya asili, ambako ndugu wa wale wagonjwa bado wanaishi. Katika sehemu hii Kagan ananoga zaidi. Wenyeji wanajua mambo, ila hawayasemi, kwa sababu kuondoka kwa ndugu zao wa zamani ni aibu isiyotajwa. Tena wageni hawana haki ya kuuliza. Kwa mila ya pale, mtu ambaye hajapita safari ya porini inayomvusha kwenda utu uzima ni mtoto, na neno la mtoto halina uzito. Kirk, mwenye mamlaka juu ya mamia ya watu, anahesabiwa mtoto. Msomaji wa London pengine huliona jambo hili kama mchezo wa kuchekesha. Msomaji wa Manyara haoni mchezo, maana anajua kwamba haki ya kusema barazani ina masharti. Wadatoga wana hata baraza la wanawake linaloweza kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke, na hapo cheo chake cha mjini hakimsaidii. Suluhisho la Kagan ni kwamba Kirk na wenzake wapitie mila yenyewe, wavuke, ndipo waulize. Bunduki hazina kazi.

Kasoro zipo, na kubwa ni Evan Wilson. Huyu ni daktari aliyebuniwa na Kagan kushika nafasi ya McCoy. Kiufundi ana faida, kwa sababu mhusika wa kubuni hana ulinzi wa mwenye nyumba na lolote laweza kumpata. Lakini Kagan alimpenda kupita kiasi. Wilson ni mwepesi wa ulimi, jasiri, mcheshi, anapatana na kila mtu, na tukifika nusu ya pili amekalia nafasi ambayo jalada la kitabu lilimwahidi Uhura. Mhariri mkali angempunguza kwa theluthi.

Hata hivyo vitabu vya wapangaji huweza kugusa nyumba. Mwaka 1982 William Rotsler, kwenye kitabu chake cha wasifu wa wahusika, alimpa Uhura jina la kwanza, Nyota. Skrini ililitamka mwaka 2009, kwenye filamu.

Sisi wenyewe tuna Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anarushwa angani kama adhabu na kufikia jamii ngeni. Ni kazi nzito ya siasa, lakini chomboni Dzombo yuko peke yake. Chombo chenye watu wa lugha mbalimbali, wanaotegemeana na kufichana mambo, ni uwanja ambao riwaya ya Kiswahili bado ina nafasi kubwa ya kuulima. Mwandishi kijana wa Babati asianze na injini wala vita vya nyota. Aanze na swali aliloanza nalo Kagan: nani kwenye chombo hiki anajua kitu ambacho wengine hawawezi kukijua, na alimwahidi nani kwamba hatakisema?