Kitita cha Vijiti Kumi

Mwanafunzi wa Gredi ya 3 akiandika kwamba 42 toa 17 ni 35, mkono wenye pupa humtilia mkasi na kusonga mbele. Kerugoya, Kenya, wapo walimu wasio na pupa hiyo. Mwalimu wa aina hii huinama kando ya dawati, akauliza, "Umepataje?" kisha akanyamaza. Mtoto anaeleza: nne toa moja ni tatu, saba toa mbili ni tano. Hakubahatisha. Tangu Gredi ya 1 amezoea kutoa ndogo kwa kubwa, na hapa ametii mazoea.

Kinachonivutia kwanza ni jinsi hesabu yenyewe ilivyochaguliwa. Angepewa 48 toa 13, njia ileile yenye kasoro ingemfikisha kwenye jibu sahihi, na hakuna ambaye angejua. Angepewa 40 toa 17, sifuri ingeleta utata wake, na mwalimu asingetambua ni kipi hasa kimemkwaza. Nambari 42 na 17 zimewekwa pale ili wazo lililojificha lijitokeze. Kazi hiyo hufanywa jioni, kwenye andalio la somo, wala hakuna mkaguzi anayeisifu.

Kisha huja vijiti. Hukatwa kwenye migrevilea iliyo mipakani mwa mashamba ya kahawa, vikafungwa kumi kumi kwa ukambaa wa mgomba. Fundo ni la kitanzi, ili vidole vya mtoto wa miaka minane viweze kulifungua. Mtoto anapanga vitita vinne na vijiti viwili. "Sasa toa saba." Mikono inasimama. Vijiti vilivyo huru ni viwili tu. Mwalimu anajua la kusema na halisemi, ilhali kipindi ni cha dakika 30 na madawati yamejaa. Hatimaye mtoto anavuta ukambaa, vijiti kumi vinatawanyika, anavyo kumi na viwili. Wengi wetu tulifundishwa "kukopa moja" kwa jirani bila kuelezwa kwamba hiyo moja ni kumi. Huyu ameishika kwa mikono yake.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 katika madarasa ya chini ili kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985, unahimiza nyenzo zitoke kwenye mazingira ya mtoto, na katika miaka ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Vijijini hapa lugha hiyo ni Kikuyu, na kwa somo hili inafaa mno: 42 ni mĩrongo ĩna na igĩrĩ, makumi manne na mbili. Mtoto husikia vitita vinne kabla hajavishika. Mijadala kuhusu mtaala huu imekwama mno kwenye gharama za wazazi, jambo lenye uzito kweli, lakini ufundi huu umepita bila kutazamwa.

Baada ya vijiti huja michoro, mistari kwa makumi na nukta kwa mamoja, ndipo tarakimu zirudi peke yake. Siku zinazofuata mwalimu huchanganya: 53 toa 28, halafu ghafla 46 toa 13. Mtoto aliyefurahia mno kufungua vitita hufungua hapa pia, bila haja, na mwalimu humwacha agundue mwenyewe kwamba tatu zingeweza kutoka kwenye sita.

Tathmini ina viwango vinne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio. Mtoto akiandika 25 kwa mwandiko safi lakini ashindwe kumweleza jirani yake kumi zimetoka wapi, mwalimu huyu humwandikia "kukaribia matarajio", na kesho yake humrudishia vijiti.