Kabanga Mbili

Kosa lilijitokeza saa nne usiku, katika hatua ya saba kati ya kumi na mbili: jedwali la vituo vya afya lina majina yanayojirudia, kanuni mpya haiyaruhusu, kazi imesimama. Toleo la zamani liliyavumilia majina hayo miaka yote.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, kupandisha toleo la kanzidata ni kubonyeza kitufe na kusubiri. Fundi hujua kwamba toleo jipya huja na masharti, na kwamba ufa uliokuwa nyuma ya kabati huonekana siku ya kuhama. Kwa hiyo haanzi bila nakala, wala haiiti nakala mpaka airejeshe kwenye mashine nyingine ikafunguka. Kati ya programu za kanzidata, PostgreSQL ina adabu: hatua iliyofungwa kama kifurushi kimoja ikishindikana, muundo wa majedwali hurudi ulivyokuwa. MySQL ikishaongeza safu, imeongeza, hata kama kinachofuata kitaanguka.

Nikaomba orodha ya yanayogongana. Zikaja jozi mbili: Nyakahura na Nyakahura, Kabanga na Kabanga. Nyakahura ziko wilaya ya Biharamulo zote. Nikaiamuru mashine ihesabu herufi: moja ikatoa 9, nyingine 10. Herufi ya kumi ilikuwa nafasi tupu, kidole kilichogusa kitufe mara moja zaidi. Kanuni mpya haizihesabu nafasi za mwishoni, ndiyo maana ikaziona kuwa jina moja.

Kishawishi kilikuwa kufuta moja katika kila jozi nikalale. Nililala bila kufuta. Kulala nako ni sehemu ya ufundi huu.

Asubuhi nikampigia mama mmoja wa Ngara, aliyejaza madaftari ya MTUHA, yale ya takwimu za huduma za afya, tangu enzi za kalamu na rula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini asubuhi hii?"

Nikamweleza. Akacheka. "Kabanga ni mbili. Yetu hii ya mpakani na Burundi, na ile ya Kasulu, Kigoma. Ukifuta moja, wagonjwa wake utawapeleka wapi?"

Mashine huona mgongano. Haijui nani ni pacha na nani ni kivuli. Hilo hujulikana kwa anayeijua nchi. Chato, kwa mfano, ilimegwa kutoka Biharamulo, na mwaka 2012 ikatoka mkoa wa Kagera ikahamia mkoa mpya wa Geita. Ukiihamisha bila kuandika tarehe, hesabu za zamani za Kagera hupungua, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuja kukuambia.

Basi Kabanga nikaziacha zote mbili, nikairekebisha kanuni ipime jina pamoja na wilaya. Nyakahura nilianza na watoto: kila rekodi iliyoshikilia ile yenye nafasi tupu niliihamishia kwenye ile safi, nikahesabu kabla na baada, hesabu zikalingana, ndipo nikafuta. Hatua ya saba ikapita. Ya kumi na mbili pia.

Jioni nikampigia tena kumshukuru. Akauliza, "Na ile Nyakahura ya pili, nani aliiandika?"

Nilikuwa nimeshatazama. Mfumo hutunza jina la kila anayeingiza rekodi, na kwenye rekodi hiyo lilikuwa langu.