Hakimiliki na Fasihi Simulizi: Kisa cha Lwanda Magere

Suala la umiliki wa kazi ya sanaa huonekana jepesi panapokuwa na mwandishi mmoja na kitabu kimoja. Huwa gumu mhakiki anapoikabili fasihi simulizi. Kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa Waluo wa nyanda za Kano karibu na Kisumu, ni mfano bora.

Mwaka 1991 Okoiti Omtatah alikichapisha kisa hicho katika umbo la tamthilia. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kinacholindwa katika kazi ya aina hiyo ni usemi wa mtunzi: mazungumzo, mpangilio wa maonyesho na usawiri wa wahusika. Wazo la shujaa mwenye mwili wa jiwe halilindwi na hakimiliki. Hivyo basi, mwandishi mwingine aweza kukisimulia kisa upya. Akinakili mazungumzo ya Omtatah bila idhini, amekiuka haki yake. Grace Ogot naye alichota katika masimulizi ya Waluo alipoandika habari za Oganda katika Land Without Thunder (1968).

Je, fanani ana haki gani? Sheria hiyohiyo humpa mtendaji haki juu ya kurekodiwa kwa utendaji wake. Aidha, Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inaitambua jamii kuwa mmiliki, na inadai ridhaa yake na kutajwa kwa asili. Hata hivyo, swali linabaki: nani huridhia kwa niaba ya jamii? Ridhaa ikigeuka mlolongo wa vibali, watunzi chipukizi watakiacha kisa, nacho kitafifia.

Kisa chenyewe kina la kusema. Bibi arusi wa Kinandi hakuvunja mlango. Alikaribishwa, akaaminiwa, akagundua kwamba nguvu za mumewe zimo kivulini, kisha akaipeleka siri kwa adui. Kosa lake halikuwa kujua, bali kuisaliti imani aliyopewa. Ndivyo ilivyo kwa mtafiti anayemrekodi mzee wa Kano, kisha akachapisha kitabu kisichomtaja.

Kwa hiyo, ulinzi uanze kwenye uhariri: kila matini simulizi inayochapishwa imtaje fanani aliyeridhia, mahali na tarehe ya masimulizi.