Kuridhika si Kutosheka: Maoni juu ya Tafsiri ya Neno Moja

Miongoni mwa maneno yanayopita mikononi mwa msanifu wa istilahi, yako ambayo hayamshughulishi mtu, kwa sababu kila mtu anadhani anayajua. Kuridhika ni mojawapo. Halimo katika orodha za istilahi zinazosubiri kujadiliwa, wala hapana mwalimu aliyetuandikia kuuliza maana yake. Hata hivyo, katika tafsiri nyingi za kiofisi neno hili limebebeshwa mizigo mitatu isiyofanana: moyo uliokubali, haja iliyotimizwa, na akili iliyothibitishiwa jambo. Makala haya hayakusudii kuwasuta wafasiri, kwani mwandishi mwenyewe amewahi kuandika hivyo. Yakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina neno kwa kila mzigo, na kwamba kuichanganya huleta hasara isiyo ya lugha peke yake.

Ukoo wa radhi

Kuridhika ni neno la ukoo mkubwa uliotokana na Kiarabu. Ndugu zake ni radhi, ridhaa, kuridhia, kuridhisha, kuridhiana na maridhiano. Tukiwatazama ndugu hawa pamoja, tutaona kwamba wote wanaelekea upande mmoja, yaani upande wa kukubali. Mtu huomba radhi ili aliyekosewa akubali kusamehe. Mtoto hutafuta radhi za wazazi, na akizikosa, mali haimfai kitu. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Hapo hapaulizwi kama wabunge wamefurahi. Panaulizwa kama wamekubali.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni neno maridhiano. Wasomaji watakumbuka maridhiano ya Zanzibar yaliyoanza mwaka 2009, yakafuatwa na kura ya maoni ya Julai 2010 na kuundwa kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katika maridhiano hapana upande unaopata yote uliyoyataka. Kila upande hupunguza haja yake ili mwingine naye apate. Kama radhi ingekuwa ni kutimiziwa haja, basi neno maridhiano lisingeweza kuwa na maana tunayoifahamu.

Kipimo cha kutosha

Kutosheka ni jambo jingine. Msingi wake ni kutosha, na kutosha ni suala la kipimo: kitu kilichopo hulinganishwa na kitu kinachohitajiwa. Nguo yatosha au haitoshi, na nauli vivyo hivyo. Watumishi wa wizara inayoshughulikia kilimo wamelitumia neno hili kwa usahihi wa kupigiwa mfano wanaposema kiwango cha utoshelevu wa chakula, yaani uzalishaji ukilinganishwa na mahitaji, na jibu likatolewa kwa asilimia. Hapana aliyesema kiwango cha kuridhika kwa chakula, na lau angesema, asingeeleweka. Ndivyo ilivyo pia kwa nchi inayojitosheleza: ina kiasi kinachoifaa, hata kama wananchi wake wana manung'uniko mengine.

Tofauti hii inaweza kupimwa kwa njia ambayo mwalimu yeyote anaweza kuitumia darasani. Mzungumzaji mwema wa Kiswahili husema bila kusitasita: “Sikutosheka, lakini nimeridhika.” Hayo ni maneno ya mtu mwenye subira. Tena husema: “Nimetosheka, lakini sikuridhika.” Hayo ni maneno ya mtu aliyelipwa haki yake yote kwa dharau. Kama maneno haya mawili yangekuwa na maana moja, kila mojawapo ya sentensi hizi ingejipinga yenyewe. Kwa kuwa hazijipingi, yatupasa tukubali kwamba tuna maneno mawili na mambo mawili.

Kushiba na kukinai

Yako maneno mengine yanayopakana na haya. Kushiba asili yake ni tumboni, ingawa methali imelipeleka mbali zaidi: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kukifu, hasa katika kukifu haja, ni jirani wa kutosheleza, lakini siku hizi ni adimu katika maandishi ya ofisi.

Kukinai ndilo linalohitaji tahadhari. Katika Kiarabu mzizi wake unahusu kutosheka na kichache, nayo ni sifa njema ya moyo. Kiswahili kimeihifadhi sifa hiyo: mkinaifu ni mtu asiyetazama sahani ya mwenziwe. Lakini Kiswahili kimeliongezea neno hilo upande wa pili. Chakula chenye mafuta mengi hukinaisha, na aliyekula wali wa nazi siku saba mfululizo atasema ameukinai, yaani hautaki tena kuuona. Kwa hiyo mfasiri anayetafuta neno la kueleza ukamilifu wa kuridhika, akadhani kukinai ndiko kuridhika kulikokomaa, anaweza kuandika kinyume cha alichokusudia. “Wateja wetu wamekinai huduma zetu” si sifa.

Hojaji na bibi

Sasa tuje kwenye madhara. Siku hizi ofisi nyingi zinazohudumia umma hutoa hojaji zenye swali: “Je, umeridhika na huduma uliyopewa?” Swali hili ni tafsiri, na katika lugha lilikotoka linauliza kama haja ya mtu imetimizwa. Neno lenyewe la Kiingereza lina asili ya Kilatini: satis, yaani -a kutosha, na facere, yaani kufanya. Kwa mzizi wake, basi, lipo karibu zaidi na kutosheleza kuliko na radhi. Mfasiri ameliacha neno la kipimo, akachukua neno la moyo.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi katika ukumbi wa kusubiri wa zahanati moja, karani kijana akipita na karatasi za namna hiyo. Alimfikia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amefika tangu alfajiri, akapewa nusu ya dawa alizoandikiwa.

“Shikamoo bibi. Umeridhika na huduma?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimeridhika. Nifanyeje?”

Karani akatia alama kwenye kisanduku cha Nimeridhika, akaendelea na kazi yake. Hakudanganya, na bibi naye hakudanganya. Bibi alijibu swali aliloulizwa: moyo wake umekubali yaliyomfika. Lakini alama ile itahesabiwa pamoja na nyingine, na atakayesoma jumla yake ataambiwa kwamba wagonjwa wamepata walichokihitaji. Kosa halikuwa la karani wala la bibi. Lilikuwa la aliyetafsiri swali. Angeuliza, “Je, ulipata huduma yote uliyoihitaji?” bibi angejibu kwamba dawa hazikutimia.

Kuridhika mahakamani

Mahali pa pili ni pazito zaidi. Tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, isipokuwa pale ambapo sheria imeruhusu Kiingereza kitumike, kazi ya kutafsiri sheria imekuwa ya kila siku. Katika sheria hizo neno hilo hilo la Kiingereza limejaa tele, na aghalabu hutafsiriwa kwa kuridhika au kujiridhisha.

Tuchukue mfano mmoja ulio msingi wa mingine. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inaeleza ni wakati gani jambo huhesabiwa kuwa limethibitika. Katika mashauri ya jinai, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vinginevyo, ni pale ambapo upande wa mashtaka umeifikisha mahakama mahali pa kuamini, pasipo kuacha shaka ya maana, kwamba jambo hilo lipo. Tukiandika “mahakama imeridhika kwamba mshtakiwa aliua,” msikilizaji wa kawaida, hasa ndugu wa mshtakiwa aliyekaa nyuma, atasikia kwamba mahakama imependezwa. Hiyo ni lugha isiyofaa kutamkwa mbele ya msiba.

Wengine wamekimbilia kujiridhisha, na kwa mtazamo wa kwanza wamefanya vyema. Lakini tuitazame ile ji-. Anayejiridhisha hujitafutia mwenyewe ushahidi mpaka moyo wake utulie. Sheria haikusema hivyo. Ilisema kwamba mahakama huridhishwa na upande wa mashtaka, maana mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwa upande huo. Kwa silabi moja, mfasiri amemwondoa mwendesha mashtaka katika sentensi na kumtwika hakimu mzigo usio wake. Twapendekeza hapo kuthibitishiwa: “mahakama imethibitishiwa na upande wa mashtaka, pasipo kuacha shaka ya maana, kwamba…” Sentensi hii inamtaja mwenye mzigo, na haina harufu ya furaha.

Haina maana kwamba kujiridhisha lifutwe. Linafaa sana pale ambapo ofisa ana wajibu wa kuchunguza mwenyewe. Mshtakiwa anapokiri kosa, hakimu hana budi kujiridhisha kwamba amelielewa shtaka. Mkaguzi hujiridhisha kwamba fedha zilizoandikwa ndizo zilizomo. Hapo ji- iko mahali pake.

Mapendekezo

Yupo atakayesema kwamba matumizi ndiyo mfalme wa lugha, na kwamba kuridhika kumekwisha kuenea. Hoja hiyo ina uzito katika mazungumzo, wala hatuna haja ya kumsahihisha mtu anayesema ameridhika na chai yake. Lakini hojaji, sheria na hukumu ni maandishi ambayo watu hulipwa, hunyimwa au hufungwa kwa mujibu wake. Humo tunapendekeza yafuatayo:

1. Kuridhika na kuridhia vitumike kwa kukubali kwa moyo au kwa mamlaka, na ridhaa iwe jina la kukubali huko.

2. Kutosheka, kutosheleza na utoshelevu vitumike kwa haja au mahitaji yaliyotimizwa.

3. Kuthibitishiwa kutumike pale ambapo mtu mwingine ana mzigo wa kuthibitisha, na kujiridhisha pale ambapo ofisa mwenyewe ana wajibu wa kuchunguza.

4. Kukinai kusitumike katika maandishi rasmi kwa maana ya sifa, isipokuwa sentensi yenyewe imeondoa shaka.

5. Inapotakiwa kueleza mtu aliyeshiba pande zote mbili, haja na moyo, yaandikwe maneno yote mawili: ametosheka na kuridhika. Urefu wa neno moja zaidi si gharama kubwa.

Wafasiri na walimu wenye mifano inayounga mkono au kupinga maoni haya, hasa kutoka lahaja za pwani na visiwani, wanaombwa watuandikie. Twatumaini hawatatujibu kwamba wameridhika tu. Tungependa kujua kama hoja zimewatosha.