Jinsi dinosaria walivyotembezwa katika filamu za wavumbuzi

Filamu za zamani kuhusu wavumbuzi wanaokuta dinosaria hai zilikuwa na sehemu mbili zilizopigwa kila moja peke yake na kuunganishwa baadaye: msafara wa watu, na wanyama. Msafara haukuwa na ugumu. Wasomaji wa Ulaya na Marekani waliuzoea tangu 1872, Stanley alipochapisha kitabu cha safari yake ya kumtafuta Livingstone kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji: pori, homa, mizigo kichwani, na mwishoni kile kilichotafutwa. Tabora ya leo imekaa juu ya njia hiyo, na Kwihara, walikopumzika Stanley na Livingstone mapema 1872, iko jirani tu. Katika msafara halisi aliyetangulia alikuwa kirangozi, na wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Filamu zilichukua umbo la safari, zikamweka mvumbuzi mzungu mbele, na wapagazi wakabaki watu wa kupita nyuma yake. Kazi ngumu ilikuwa kumtembeza mnyama aliyetoweka mamilioni ya miaka iliyopita.

Njia iliyodumu ni ya Willis O'Brien, fundi wa Marekani, katika The Lost World ya 1925, iliyotokana na riwaya ya Arthur Conan Doyle ya 1912. Mchongaji Marcel Delgado alimtengenezea makumi ya sanamu, nyingi zikiwa na ukubwa wa nusu mita hivi. Ndani ya sanamu kulikuwa na mifupa ya chuma yenye viungo vilivyokazwa, ili mguu ukiinuliwa ubaki pale ulipoachwa. Juu ya chuma iliwekwa sponji badala ya misuli, kisha ngozi ya mpira. Tumboni mwa baadhi yake kulifichwa kibofu cha mpira. Kikijazwa upepo na kupunguzwa kidogo kidogo, mnyama alionekana anahema. Kibofu hicho kilisaidia kuliko meno na makucha yote, kwa sababu mnyama aliyesimama kimya hurudi kuwa sanamu, lakini anayehema huaminika.

Mwendo ulipatikana kwa subira. Kamera ilipiga picha moja ikasimama. Fundi akasogeza mguu kwa milimita chache, akapinda shingo na mkia kidogo, akajitoa mbele ya taa, picha nyingine ikapigwa. Kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, iliyokuwa kawaida baada ya filamu kupata sauti, dakika moja ilidai picha 1,440. Fundi alilazimika kukumbuka kila kiungo kilikuwa kinaelekea wapi, na kama ni wanyama wawili wanaopigana, akumbuke vya wote wawili. Majani mabichi yalikuwa tatizo, kwa kuwa hujikunja na kunyauka chini ya taa, na kwenye filamu yangeonekana yakitikisika bila upepo. Mwaka 1922 Doyle aliwaonyesha wanachama wa chama cha wanamazingaombwe cha Marekani, mjini New York, vipande vya majaribio ya kazi hii bila kuwaeleza jinsi vilivyotengenezwa. Watu wale walioishi kwa kudanganya macho walibaki wakijiuliza.

Kumweka binadamu katika picha moja na mnyama kulihitaji hila nyingine. Sehemu ya picha ilizibwa kwa kadi nyeusi, mnyama akapigwa kwenye sehemu iliyobaki wazi. Mkanda ukarudishwa nyuma, kadi ikahamishiwa upande wa pili, na waigizaji wakapigwa kwenye ile sehemu ambayo mwanga haukuigusa. Mpaka wa sehemu hizo ulifichwa kwenye ukingo wa mwamba au shina la mti. Kamera ikitikisika hata kidogo, mpaka ulionekana na kazi yote ikaharibika. Ndiyo maana katika filamu hizo watu husimama upande mmoja wakitazama, na mnyama hukaa upande wake.

King Kong ya 1933, iliyoongozwa na Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack huku O'Brien akisimamia hila za picha, iliuvuka mpaka huo. Mwigizaji Fay Wray alipigwa akiwa studio mbele ya skrini kubwa, na nyuma ya skrini kulirushwa pambano la sokwe Kong na dinosaria lililokwisha kupigwa. Katika mandhari nyingine mambo yaligeuzwa: skrini ndogo ilifichwa ndani ya mwitu wa sanamu, na picha za waigizaji zikarushwa humo moja moja, kila sanamu iliposogezwa. Alama za vidole vya mafundi zimebaki hadi leo. Manyoya ya Kong huchezacheza kila walipomshika, na hakuna uthibitisho bora kwamba pale palikuwa na mkono wa mtu.

Wenye haraka walichukua njia ya mkato. Katika One Million B.C. ya 1940 mijusi hai walibandikwa mapezi na kupigwa karibu ili waonekane wakubwa. Katika Unknown Island ya 1948 watu walivaa mavazi ya mpira. Mjusi hutambaa kama mjusi hata akikuzwa namna gani, na kuwatumia wanyama hivyo kulikuwa ukatili usio na faida kwa filamu.

Skrini ya nyuma ilisaidia pia filamu isiyo na dinosaria inayoigusa Tabora moja kwa moja, Stanley and Livingstone ya 1939. Picha za msafara zilipigwa Afrika Mashariki chini ya Otto Brower, lakini Spencer Tracy, aliyeigiza Stanley, hakwenda huko.

Maumbo ya dinosaria yalifuata michoro ya Charles R. Knight na mifupa iliyochimbwa Marekani. Wakati huohuo mifupa mikubwa zaidi ilikuwa Tendaguru, Lindi. Wajerumani, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba huko kuanzia 1909 hadi 1913. Boheti bin Amrani alisimamia wachimbaji, na wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 za mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku 4. Waingereza walifuata mwaka 1924. Kiongozi wao, William Cutler, alifariki kwa malaria 1925, mwaka uleule ilipotoka The Lost World. Msafara wa kweli wa kutafuta dinosaria ulikuwapo Tanganyika, na uliwategemea watu walewale ambao filamu ziliwasukuma pembeni.

Mnyama mmoja wa Tendaguru, mwenye miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma na shingo iliyosimama, hakusimamishwa Berlin hadi 1937, akachelewa filamu hizo mbili za O'Brien. Alipata nafasi katika Jurassic Park ya 1993 kwa jina la Brachiosaurus, kwa kuwa umbo la mnyama huyo lilijulikana zaidi kutokana na mifupa ya Lindi. Tangu 2009 wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Mifupa yake bado iko kwenye jumba la makumbusho la Berlin, ikiwa na kimo cha mita 13.27.